Aliyemtafuta Kombo

Ami zake Kombo walikataa kutaja hata jina la babu yake.

“Jambo lile limekwisha, mama,” alisema mkubwa wao, akikwepa kumtazama usoni. “Rudi kwenu ukapumzike.”

Mwanamvua hakubishana. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Vigwaza mpaka hapa Miono, na nyayo zilikuwa zimevimba. Aliketi kivulini nyuma ya ghala la mahindi, akanyoosha miguu.

Bila nasaba asingempata. Akina Kombo ni wengi pwani, na katika magereza ya liwali mtu huulizwa kwa jina lake, la babake na la babu yake. Huyu alifungwa mwaka ule wa njaa, ndevu hazijamwota bado, akahamishwa huku na huku. Tangu hapo hakuna aliyemfuata.

Jua lilipopungua, Sihaba, shangazi yake Kombo, alimletea maji ya kunywa. Aliketi kando yake, machozi yakimtiririka.

“Kaka zangu wanaogopa,” alisema. “Mimi nakwambia kwa kuwa nami nimezaa. Ni Kombo bin Mwinjuma bin Msabaha. Basi ukimwona…”

Alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

“Nitamwona, inshallah,” Mwanamvua alijibu, akainuka kwa kushika ukuta.

Saadani walimwambia kijana kapelekwa Pangani. Pangani walimtolea Kombo mwingine, mzee kibogoyo, ambaye alimshika kanga na kumsihi amchukue yeye badala ya huyo anayemtafuta. Mwanamvua alimwachia mhogo wake wa kuchoma. Askari mmoja akakumbuka kwamba Kombo kijana aliteremshwa Bagamoyo kubeba mawe ya kujengea.

Akageuza njia, akarudi kusini. Homa ilimshika njiani, akalala kwa watu asiowajua. Walipomwona anafunga tena furushi lake la nguo, walimuuliza kwa nini asiende zake nyumbani.

“Nimeshajaribu,” alisema. “Nyumbani sipati usingizi.”

Mlangoni pa gereza la Bagamoyo alikaa mlinzi mmoja mnene, jina lake Ausi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Namtafuta Kombo bin Mwinjuma bin Msabaha.”

Ausi aliyatazama mavumbi yaliyompanda mpaka magotini. “Alhamdulillahi! Kumbe ana mtu! Wenziwe huletewa chakula na mama zao. Yeye hula makombo, kama jina lake.”

“Ana hali gani?”

“Amekonda. Anakohoa. Lakini hana ugomvi na mtu.”

“Atakaa humu mpaka lini?”

Ausi alikuna shingo. “Hana muda, mama. Si unajua mwenyewe, alimpiga mwenziwe jembe wakigombea shimo la kuchimba utomvu wa sandarusi, na mwenziwe akafa. Ikahukumiwa afungwe mpaka wenye damu waje waseme wanalotaka. Auawe, au walipwe diya ya marehemu wao, au wamsamehe. Mpaka leo hawajaja.”

“Labda hawakujua alipo.”

“Basi tuombe wasijue,” alisema Ausi kwa upole.

Mwanamvua alitazama chini. Mkononi alikuwa na samaki wa kukaanga aliowanunua sokoni, wamefungwa kwenye jani la mgomba. Alivihesabu vidole vyake kama mtu anayesoma uradi, midomo ikicheza bila sauti.

“Nataka kumwona,” alisema mwishowe.

Idhini ilikuwa ya kadhi, naye siku hiyo alikuwa barazani, hatua chache kutoka hapo, akisikiliza mashauri. Ausi alimpeleka mwenyewe, akamweleza kadhi kwamba mama huyu ametoka mbali sana. Kadhi aliuona uso uliosawijika na ile miguu, akaagiza mfungwa aletwe.

Kombo alitoka akiburuta mnyororo, macho ameyafinya kwa jua. Alikuwa amerefuka, mbavu zinahesabika, na ndevu chache zimemwota kidevuni. Alipomwona Mwanamvua alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.

“Mjinga wewe!” Ausi alicheka. “Mama yako kaja kwa miguu, nawe wamkimbia?”

Kijana aliteleza ukutani polepole akakaa chini, akajifunika kichwa kwa mikono.

Maneno aliyoyapanga Mwanamvua njia nzima yalikuwa yamemwisha. Alimsogelea, akainama kwa taabu, akamwekea samaki mapajani. Kisha akasimama tena, mkono kiunoni, akihema.

“Sema haja yako, mama,” kadhi alimwambia. “Huyu ni mwanao?”

“Mwanangu alikuwa Salumu, yule aliyepigwa jembe,” alisema Mwanamvua. “Mwenye damu ni mimi, kadhi. Mfungue huyu aende.”