Alama ya Pasi

Mama yule aliipindua kaseti, akapitisha kidole gumba kwenye pembe zake nne, moja baada ya nyingine, kisha akaiweka mezani.

"Siyo hii."

Lilikuwa gemu la mbio za magari, kaseti nyeusi ya zamani, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia. Hiyo ilikuwa Jumamosi ya kumi na moja. Kila Jumamosi alikuja kwenye kibanda cha fundi, akauliza gemu lile lile, akapapasa pembe, akasema siyo, halafu akainunua hivyo hivyo. Akiiacha, alisema, wiki ijayo ataipapasa tena bila kujua. Kucheza hajui.

"Mama, hizo unazikaanga au unazichemsha?" Aliyeuliza ni karani wa mahakama, mteja wa siku nyingi, amechuchumaa mbele ya boksi la pedi mbovu za kuchezea gemu. Nyumbani ana kaseti mia tatu, na mkewe ameshamwambia achague.

"Nazipanda," mama alijibu. "Zako zimeota?"

Karani alicheka mpaka akakaa chini. Fundi hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, mguu mmoja sakafuni, wa pili ameukunja na kuegemeza unyayo gotini, anachomelea waya mwembamba kama unywele. Waya ulikuwa umeshashika zamani. Aliendelea kuuchomelea.

"Fundi, na hiyo droo yenye kufuli umeficha nini? Ndiyo yenye mali, eh?" karani aliuliza.

"Misumari."

"Misumari inafungiwa kufuli! Haya. Hebu tuambie basi, mtu mzima na akili zake anakusanya haya madude ya nini?"

"Hakuna anayekusanya," fundi alisema bila kuinua macho. "Kila mtu anatafuta moja tu. Nyingine anaziokota njiani."

"Basi mimi yangu nimeisahau ni ipi." Karani alichagua pedi, akaaga, kicheko chake kikasikika mpaka kona ya barabara.

Mama hakuondoka. Alivuta stuli, akakaa.

"Umesema kweli. Mimi yangu ina alama ya pasi. Hapa pembeni, kama mwezi mchanga. Niliiunguza mwenyewe."

Fundi alipuliza ule waya.

"Nilikuwa msichana wa kazi, umri miaka kumi na tisa. Baba mwenye nyumba alikuja nayo kutoka safari. Mimi najua kaseti ya gemu ni nini? Maziwa yanafurika jikoni, nikaitua pasi juu yake, nikakimbia. Mtoto wao alilia! Halafu akaipuliza, akaichomeka, magari yakatokea. Akaniambia, dada, haijafa. Miaka tisa, ananibembeleza mimi. Tulicheka siku hiyo. Nilikuwa namwita Korongo, kama yule ndege."

Alikunja mikono mapajani.

"Mwezi haukuisha, kaseti haionekani. Mama mwenye nyumba akapekua godoro langu, sanduku langu, mpaka ndani ya viatu. Hakuona kitu. Akasema, basi umeshaiuza. Nilitolewa mchana kweupe, majirani wote wako nje. Na maneno yana miguu, fundi, yalifika kwetu kabla yangu. Mama yangu mzazi aliniamini kwa kila kitu nyumbani kwake isipokuwa pochi. Hiyo aliilalia mpaka siku anakufa."

"Na huyo mtoto?" fundi aliuliza.

"Alikuwa mlangoni nikifunga sanduku. Nikamtazama. Akatazama sakafu." Mama alitikisa kichwa taratibu. "Pengine alibadilishana na mwenzake shuleni, akaogopa mkanda wa baba yake. Simlaumu kwa siku ile. Mtoto ni mtoto. Ila watoto wanakua."

Fundi alifuta jasho kwa mkono wa shati. Goti lake liligonga meza, kufuli la droo likalia.

"Ukiipata utafanya nini, mama?"

"Nitaiweka mapajani mwa yule mama. Yu hai bado, nasikia. Sitaki aniombe radhi, umri wenyewe ule. Nataka aniite jina langu nililopewa kwetu, siyo lile la mwizi alilonipa yeye."

Huko nje mtu alikuwa anavuta mlango wa bati wa duka la pili, unakwama, anautukana, anauvuta tena. Fundi alisubiri mpaka kelele zikaisha. Alifungua mdomo. Masikio yalikuwa yanamwaka kama ya mtu aliyezabwa kofi.

"Sijaiona," alisema. Ni maneno yale yale ya Jumamosi kumi zilizopita. "Hiyo hapo chukua tu, mama. Usilipe."

"Mimi sichukui kitu bila kulipa, mwanangu. Hilo nimeliogopa maisha yangu yote."

Aliweka pesa mezani, akaisukuma kwa kidole mpaka ikafika mbele ya fundi. Akatia kaseti mkobani, akainuka kwa kujikongoja, mkono kiunoni.

Fundi aliinamia tena ule waya. Mguu wake wa kulia ulipanda wenyewe, unyayo ukatulia gotini.

Kizingitini mama alisimama, akageuka.

"Jumamosi nitakuja tena," alisema. "Na ushushe huo mguu, Korongo. Utaanguka."