Ndoo ya Majivu

Gennadi aliporudi kwenye karakana yake ya uani, aliikuta ndoo tupu. Ekseli aliyoikata kwenye gari kuukuu la pale uani, akaifupisha kwa ajili ya trekta lake la kujiundia, akaichomelea na kuizika majivuni ipoe polepole isije ikavunjika, ilikuwa nje, imezama thelujini, ikitoa mvuke.

Majivu yalikuwa yametandazwa hadi kisimani. Mama mkwe wake alisimama na beleshi mkononi.

"Mama, umenimaliza! Chuma cha moto unakitupa kwenye theluji?"

"Njia inateleza. Ulitaka nivunjike kiuno?"

"Si majivu yamejaa kwenye jiko lako!"

Kwa hasira Gennadi akainyanyua ekseli kwa koleo, akaibamiza kwenye fuawe. Ikakatika palepale alipochomelea. Ndani chuma kilimetameta chengachenga, kama sukari.

"Ona! Ona ujinga wako!"

Mama mkwe akainama, akapitisha kidole pale ilipokatika.

"Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea. Kila alichokichomelea nilikifukia majivuni mimi, kwa mikono hii."

Gennadi akaliweka koleo chini.

"Na gari lake," akasema mama, "ulimwomba nani ulikate?"