Debe

Nusu saa ilikuwa haijapita tangu Kibwana alinunue lile gari kuukuu la zimamoto la jeshi. Bado alikuwa akihangaika na gia, mwanamke alipodandia mlangoni.

“Afadhali umekuja, kaka! Kata kushoto. Nyumba inaungua na mama yumo ndani.”

Kibwana akakata kushoto. Angemwambiaje kwamba gari amelinunua la kubebea maji ya kufyatulia matofali, na kwamba tangi halina hata tone? Mbele yao moshi mweusi ulifuka juu ya mabati. Watu wakawapisha, wakishangilia.

“Maji hayo!” mwanamke akapaza sauti. Akanyoosha mkono nyuma, akaligonga tangi kwa ngumi.

Likavuma kama debe.

Ngumi ikabaki hewani. Polepole, akaanza kugeuza uso kumtazama dereva.