Alama za Mkeka

Nasma aliporudi kutoka kwenye mikorosho alikuta alama za ukili kwenye paji la uso wa mumewe. Mistari ile ile ya mkeka wao, imejichora juu ya nyusi.

"Ulilala kifudifudi?" aliuliza.

"Nilikuwa nafanya zoezi la nyoka," Khamisi alisema, akajifuta haraka. "Nikachoka, nikajilaza hapo hapo."

Nasma alitua kapu la korosho. Miaka yote aliyolala na mtu huyu, akijilaza hulalia shavu.

Khamisi aliumia mgongo msimu wa ufuta, alipoporomoka na gunia kutoka juu ya Fuso. Hospitali walimtibu, wakamrudisha kijijini Miteja akiwa hawezi hata kujigeuza. Rosemary, mtaalamu wa viungo aliyekuwa akiwafuata wagonjwa vijijini kwa pikipiki, ndiye aliyewaletea mazoezi ya yoga: paka, nyoka, daraja, na la mwisho, mtoto, ambalo mtu hukalia visigino, akainama mpaka paji la uso liguse chini. Watu walinong'ona kwamba hizo ni ibada za Kihindi. Khamisi mwenyewe aligoma, mpaka alipooneshwa lile la mwisho.

"Hii si sijda hii?" alisema. "Basi nifundisheni."

Maana kilichomuuma kuliko mgongo ni kuswali kwenye kiti, safu ya nyuma, pamoja na vikongwe. Siku moja, akiwa bado analishwa uji kwa kijiko, alimshika mkewe mkono.

"Nisimamishe, Nasma. Siku nitakayoweka paji la uso chini, nitakupa kile ulichoniomba asubuhi ile. Wallahi nitakupa."

Nasma alikishika kiapo hicho kwa mikono miwili.

Kila baada ya Alfajiri mkeka ulitandikwa uani. Alimshika mumewe kiuno, akamwelekeza pumzi, akamsema bila huruma. "Vuta. Shikilia. Usigune, hujabeba kitu." Wakimaliza, kuni zake, maji yake, shamba lake. Korosho aliziokota peke yake, na hizi zilikuwa za msimu wa pili. Mama mkwe wake, Bi Kazija, alimtangaza kijiji kizima. "Mwanangu alioa," alisema. "Nyie wengine mlichukua wanawake tu." Majirani walibahatisha ile ahadi ni nini. Wapo waliosema cherehani, wapo waliosema mkufu wa dhahabu. Nasma alitabasamu, akajifunga kanga vizuri, akamwinamisha mumewe tena.

Ugonjwa ulimlainisha Khamisi. Zamani majirani hawakuhitaji redio, sauti yake iliwatosha. Sasa alisema tafadhali. Alimuuliza mkewe kama amekula, jambo ambalo mara ya kwanza lilimfanya Nasma ageuke kutazama nani anaulizwa.

Mgongo nao ulisonga mbele, kisha ukafika mahali ukakataa. Paka alipita, nyoka alipita, daraja alilipandisha mpaka Rosemary akapiga makofi. Kwenye mtoto tu, ikibaki kama shubiri kufika chini, Khamisi alikunja uso. "Hapo hapo. Usinisukume."

"Mimi inanishangaza," Rosemary alimwambia Nasma pembeni. "Mgongo huu ungekuwa umeshafika."

Kwa hiyo Nasma akazidisha. Alimkanda kwa mafuta ya nazi, akamwombea dua, akajilaumu kwamba pengine hamshiki sawasawa. Ijumaa alimbebea kiti hadi mlangoni mwa msikiti. Khamisi akirudi hujifungia chumbani kidogo, na Nasma aliwanyamazisha hata kuku uani ili apumzike.

Lakini alama za ukili zilimkaa rohoni. Kesho yake, jua likiwa utosini, aliliacha kapu chini ya mkorosho na kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Aliingia kimya. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi.

Khamisi alikuwa amesimama juu ya mkeka, anaswali Adhuhuri. Akarukuu, mgongo umenyooka. Akainuka. Kisha akashuka, magoti, viganja, paji la uso, akatulia pale chini muda mrefu bila kuguna.

Nasma aliegemea ukuta. Watu Khamisi aliweza kuwadanganya, mama yake na Rosemary wakiwemo. Kumpelekea Mungu swala ya kiti, naye anaweza kusujudu, hapo hakuthubutu. Kumbe Ijumaa zile alipojifungia hakuwa anapumzika, alikuwa anaswali upya. Alimwogopa Mungu, ila mwanamke aliyemnyanyua kutoka kitandani hakumwonea hata haya. Iliuma. Iliuma kuliko maneno yote aliyowahi kutupiwa katika nyumba ile.

Hakumkatiza. Khamisi akatoa salamu kuliani, akageuka kushotoni, akamkuta amesimama.

"Tangu lini?" Nasma aliuliza.

Khamisi aliinamisha macho. "Tangu Ramadhani."

Nasma akazikumbuka Tarawehe zote alizombebea kiti.

"Kila siku nakuinamisha, nakuombea, na wewe unanitazama tu?"

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini, na umepona?"

"Unajua naogopa nini. Nimebadilika, Nasma. Nilidhani tukikaa kaa hivi, utasahau."

Nasma alipiga magoti kando ya kitanda, akavuta kutoka uvunguni begi lililojaa vumbi, lile alilolifunga mwenyewe asubuhi ya siku ya ajali, kabla Fuso halijafika kuchukua magunia. Akaliweka juu ya mkeka, mahali pale paji la uso lilipokuwa.

"Umesujudu, Khamisi," alisema. "Nipe talaka yangu."