Sauti ya Kibwana

Meneja alipoamuru kila mtu arudi kufanya kazi ofisini, wengi walinung'unika. Mashavu alifurahi kimoyomoyo. Tangu aajiriwe alikuwa akifanyia kazi nyumbani, na kila siku alizungumza na mfanyakazi mwenzake Kibwana kwa simu, kwanza malalamiko ya wateja, kisha mambo yao wenyewe. Hawakuwahi kuonana, maana Kibwana hakupenda kuwasha kamera.

Asubuhi ya siku ya kurudi aliingia ofisini moyo ukimdunda. Ukumbi ulijaa watu wakigombea viti na kukumbatiana. Sasa Kibwana ni yupi? Aliona haya kuuliza, akatoa simu akampigia.

"Mashavu! Mbona hujafika?"

"Nimefika. Uko wapi wewe?"

"Kwani umevaa nini?"

"Gauni la manjano."

"Mungu wangu!" alisema Kibwana, na safari hii sauti yake ilisikika mara mbili, simuni na nyuma ya Mashavu, karibu kabisa. "Usigeuke kwanza. Ngoja nijiweke sawa."

Mashavu aliangua kicheko hadi watu wakanyamaza kumtazama. Simu ikiwa bado sikioni, akaanza kugeuka.