Simu Mbovu, Redio Mbovu

Siku nyumba iliponyamaza kabisa, Najat alipika kama kawaida yake, akapakua kama kawaida yake, kisha akakaa akizitazama sahani mbili zisizo na mlaji. Alfajiri ile Rahim alikuwa amebeba begi na kupanda gari la Magu. Anakwenda kununua mpunga, alisema. Lini atarudi, hakusema.

Baiskeli yake na spika aliviacha kwa Shigela, kijana wa mtaa wa pili, avitumie kununulia vitu vibovu mitaani.

Majirani wa Mabatini nao walibadilika. Jina walilomwita miaka yote waliliacha ghafla, wakaanza kumwita Najat, kama mtu aliyehamia jana.

Asubuhi Shigela alipopita mara ya kwanza, Najat alikuwa uani anaosha vyombo. Sauti ya mumewe, ile iliyorekodiwa kwenye spika, ikamjia juu ya mabati.

"Simu mbovu! Redio mbovu! Pasi mbovu, feni mbovu, betri mbovu, tunanunua!"

Kisha mkwaruzo. Kisha kicheko cha Rahim, kifupi, cha mtu aliyechekeshwa katikati ya kazi. Halafu ikarudi mwanzo.

Sufuria ilimponyoka. Alichukua redio iliyokufa zamani, akatoka mbio na povu mikononi.

Kesho yake akapeleka tochi. Keshokutwa, birika la umeme. Ukiwa mbali, mwishoni husikii ila mkwaruzo na kicheko, na Najat hakutaka kuwa mbali. Vitu vibovu vilipokwisha, akaanza kuviua vizima.

"Shemeji, pasi hii mbona bado ya moto?" Shigela alimuuliza.

"Imekufa sasa hivi."

"Imekufa, au umeiua?"

"Wewe pima, Shigela. Na usizime spika. Acha iishe."

Neno lake lilikuwa hilo hilo kila siku: acha iishe. Shigela akipima, yeye huinamisha sikio kwenye spika na kuinua kidole, kama anayewanyamazisha watu msikitini. Kicheko kikipita, hurudi ndani bila hata kuuliza bei.

Modesta, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa anakaanga maandazi barazani. Hakuna kilichompita.

"Shigela! Mbona hutaji waume wabovu? Huyu anaye mmoja, yuko Magu!"

Wateja wa maandazi wakaangua kicheko.

"Pasi yenyewe jana nimeiazima, ilikuwa nzima kabisa," Modesta akaendelea. "Mwanamume kakimbia, mwenzetu anafukuzia kicheko chake. Tena kicheko cha betri!"

Najat alicheka nao. Kucheka kulikuwa rahisi kuliko kujibu.

Lakini Modesta ulimi wake tu ndio uliokuwa mkali. Jioni moja alimwazima Najat simu yake airekodi ile sauti, kama ndiyo dawa. Walipoisikiliza baadaye, walikuta honi za bodaboda na Modesta mwenyewe akigombana na mteja.

Siku moja Shigela hakushuka kwenye baiskeli.

"Shemeji, nitarekodi nyingine. Hii mwishoni ina fujo, watu wanadhani nawatania."

"Na ya zamani?"

"Inafutika. Spika hii haishiki mbili."

Najat aliukamata usukani wa baiskeli kwa mikono miwili. Mtandio ukamdondoka mabegani, hakuuokota.

"Usiifute. Ingia ndani, chukua unachotaka. Lipo jiko la gesi, zima, sijalivunja. Chukua kitanda. Usiifute tu, mdogo wangu, nakuomba."

Barazani hakuna aliyecheka. Shigela aliangalia tairi lake la mbele.

"Basi, shemeji. Naiacha."

Najat alipoingia ndani, Modesta aliepua karai la mafuta, akajifuta mikono, akapiga simu Magu.

"Shemeji Rahim, una mke huku anakwisha kwa ajili yako," alisema. "Anakutafuta kwenye spika. Kama una roho, njoo."

Rahim alikuja. Asubuhi hiyo Najat alisikia kengele ya baiskeli, akatoka na feni ambayo usiku kucha ilikuwa ikipuliza. Akamkuta mumewe amesimama kando ya Shigela, amevaa shati lililonyooshwa, amekonda shingo. Mkononi alikuwa na kinasa sauti cha ile spika, waya wake ukining'inia.

Akamwita kwa lile jina la zamani.

"Mama Nusrat."

Modesta aliacha andazi likaungua.

"Nimeambiwa yote," Rahim alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwenye spika. "Kama unaitafuta sauti yangu, mwenyewe nimerudi. Na hiyo nimeirekodi upya, sasa hivi, hapo kona. Kile kipande cha mwisho nimekitoa. Kilinishinda hata mimi, ndiyo maana nikaenda. Kisikuumize tena."

Shigela akabonyeza.

Sauti ilitoka safi, kila neno na nafasi yake, mpaka kwenye "tunanunua!" Najat akaweka feni chini. Akainamisha sikio, akainua kidole, akangoja.

"Simu mbovu! Redio mbovu!"

Ilikuwa imerudi mwanzo. Hapakuwa na mkwaruzo, wala kicheko, wala ile sauti ya Nusrat, aliyezikwa akiwa na miaka minne, ikiuliza kwa nyuma, "Baba, na mdoli wangu mbovu unanunua?"

Siku hizi Shigela hupita Mabatini kila asubuhi, na spika yake inasikika vizuri mpaka barabarani.