Meza Zote Ziko Barazani

Kelvin aliburuta meza ya tatu hadi barazani, kisha akarudi ndani kuzima televisheni. Jumamosi, timu yake uwanjani, na kaizima kwa mkono wake mwenyewe. Glenys, jirani mpya, aliona yote kupitia dirisha lake. Akachukua bakuli la pasta na nyama, maana katika mji ule wa mashamba ya zabibu huendi kupeleleza mikono mitupu.

Hakufichwa. Kelvin alimnong'oneza kwamba mgonjwa wao ana kifafa, na asubuhi kameza vidonge vya kutoa mimba. Daktari kasema kwa simu kuwa vidonge vyenyewe si vya kuogopa sana, ila kutapika. Akiitapika dawa yake ya kifafa, kinaweza kumwangusha, na ni miaka mingi hakijamgusa. Ndiyo maana kila chenye kona kimetolewa nje.

Glenys akamtazama Tamsin, binti wa nyumba hiyo, aliyejilaza kwenye kochi, blanketi hadi kidevuni. Maskini, uso mweupe kama unga. Pembeni mama yake, Noelene, alitafuna mkate mkavu polepole. Kelvin alikaa katikati yao, ndoo magotini. Noelene akisimama, naye anasimama.

"Keti, Kelvin. Unanitia kizunguzungu," Noelene akamwambia.

Glenys hakuweza kujizuia. Akaanza kuwasema wasichana wa siku hizi, wasiojua kujikinga hali dawa zimejaa madukani. Noelene aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Glenys akadhani ni kilio, akazidisha.

Hapo mguu wa Tamsin ukaruka.

Glenys akatupa bakuli kwenye kiti, akapiga magoti, akamgeuza binti wa watu kwa ubavu na kumkandamiza pale pale. Akawaamuru waite gari la wagonjwa. Hakuna aliyeinuka.

"Mmekaa tu? Na huyo kijana aliyempa mimba yuko wapi saa hizi?"

Tamsin akafungua jicho moja.

"Shangazi Glenys, nimetoka zamu ya usiku kule wanakofungasha machungwa. Naomba nilale. Mgonjwa ni mama."

Noelene, miaka arobaini na minane, tumbo limetulia, akachukua kipande cha pili cha mkate.

"Na kijana mwenyewe," akasema, "ndiye huyo kakumbatia ndoo."